Maswali ya Wasomaji: Jumuiya ya Watafiti wa Polima Huanzia Wapi?

Wasomaji wapendwa, katika toleo lililopita safu hii iligusia kwa aya moja tu haja ya watafiti wa sayansi tumizi ya polima (vitu kama plastiki, nailoni na mpira, ambavyo molekuli zake ni minyororo mirefu) kufanya kazi kwa pamoja, na barua zilizofuata zimekuwa nyingi kuliko nilivyotarajia. Nimechagua tano, nimefupisha baadhi yake, na majina ya waandishi nimeyaacha kwa ombi lao wenyewe.

SWALI: Mwalimu, pokea salamu zangu. Mwaka jana mimi na wenzangu wa vyuo vitatu na kiwanda kimoja tuliunda kikundi cha utafiti wa polima. Tumekutana mara nne, tumepitisha katiba, tumechagua viongozi, na kila mmoja ametoa mada kuhusu kazi yake. Hata hivyo hakuna hata jaribio moja tulilolifanya kwa pamoja, na mahudhurio yanazidi kupungua. Tumekosea wapi? – Mhadhiri wa kemia

JIBU: Ndugu Mhadhiri, ninakushukuru kwa kuandika bila kuficha, kwa sababu hali unayoieleza ndiyo inayoua vikundi vingi vya aina hii. Hamjakosea kukutana. Mlichokosa ni kitu kinachoshikika, ambacho kila mwanachama anakifanyia kazi kwa mikono yake katika maabara yake mwenyewe, na ambacho majibu yake hayakamiliki mpaka ya wenzake nayo yafike. Kwa maoni yangu, jumuiya ya polima haijengwi kwa mada zinazosomwa kwa zamu. Hujengwa kwa sampuli moja inayopimwa na wote.

Nasema hivyo kwa sababu ya asili ya polima zenyewe. Anayenunua chumvi safi ya maabara ana hakika kwamba chumvi aliyonayo na ile aliyonayo mwenzake ni kitu kilekile, lakini anayenunua plastiki iitwayo polipropilini amenunua jina la ukoo tu. Minyororo ya molekuli zake inaweza kuwa mirefu au mifupi, inaweza kufanana kwa urefu au kupishana sana, na kiwanda kilichoitengeneza huenda kimetia viungio vya kuzuia joto na mwanga ambavyo havitajwi kwenye mfuko. Zaidi ya hayo, plastiki hubeba historia yake: imeyeyushwa mara ngapi, imepoa kwa kasi gani, imehifadhiwa mahali pa namna gani. Kwa hiyo watafiti wawili wanaweza kuzungumza saa nzima kuhusu polipropilini, kila mmoja akisema kweli tupu, na wasiwe wamezungumzia kitu kimoja.

Ningewashauri muanze na nailoni 6, kwa kuwa hiyo haimsamehe mzembe. Nailoni 6 hufyonza unyevu wa hewa. Ikiachwa katika hewa yenye unyevu wa asilimia 50, huendelea kufyonza mpaka maji yafikie karibu asilimia 3 ya uzito wake, na ikizamishwa majini hufikia karibu asilimia 9. Maji hayo hujipenyeza katikati ya minyororo na kulegeza vifungo vya haidrojeni vinavyoishikanisha, na matokeo yake si madogo hata kidogo: kipande kilichotoka kwenye kalibu kikiwa kikavu huwa na ukakamavu wa karibu megapaskali 3,000, na kipande hichohicho kikishatulia katika hewa ya kawaida hushuka hadi karibu 1,000.

Katika mzunguko wa kwanza wa vipimo nilioshiriki kuusimamia, maabara moja ilileta namba zilizokuwa mbali kabisa na za wengine. Tulibishana kuhusu mashine ya kuvutia sampuli, tukabishana kuhusu vishikio vyake, na baadhi yetu, nami nikiwemo, tukaanza kutilia shaka umakini wa wenzetu wale. Aliyemaliza ubishi ni fundi wa maabara hiyo, kijana mkimya ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza lolote. Alieleza kwamba bahasha ya sampuli iliwasili siku ya Ijumaa, akaifungua ili ahesabu vipande, kisha akaviweka juu ya meza karibu na dirisha mpaka Jumatatu. Hakuwa amevunja agizo lolote, kwa kuwa agizo la kuvihifadhi hatukuwahi kuliandika. Kosa lilikuwa letu sote, na siku hiyo ndipo kikundi chetu kilipopata kanuni yake ya kwanza ambayo kila mtu aliijua maana yake: sampuli hufungwa katika mifuko ya karatasi ya alumini isiyopitisha unyevu, huandaliwa kwa nyuzi 23 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 50, na saa ambayo mfuko umefunguliwa huandikwa kabla ya jambo jingine lolote.

Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi, ila inahitaji nidhamu. Nunueni mfuko mmoja wa punje za nailoni, wa fungu moja la uzalishaji. Mwenye mashine bora atengeneze vipande vyote kwa siku moja, kwa mipangilio ileile, kisha vipande vipewe namba na kugawanywa kwa kura ili maabara yoyote isipate vya asubuhi tu au vya jioni tu. Kila maabara ipime angalau vipande vitano kwa utaratibu wa kiwango cha kimataifa cha ISO 527, na matokeo yapelekwe kwa mratibu mmoja ambaye yeye mwenyewe hapimi. Mara ya kwanza yaonyesheni matokeo kwa alama za siri badala ya majina ya maabara. Watu wazima na wasomi wanaona haya kukosea mbele ya wenzao, na haya hiyo ikiruhusiwa kuingia mapema, wengine wataanza kurekebisha namba zao ili zifanane na za wengi, na hapo zoezi zima litakuwa limeharibika.

Mikutano haitakosa kazi. Herman Mark, aliyeanzisha taasisi ya utafiti wa polima huko Brooklyn, Marekani, mwaka 1946, alikuwa na desturi ya makongamano ya Jumamosi ambayo watu wa vyuo na watu wa viwandani walikaa pamoja na kuulizana maswali. Jambo ninalolipenda katika habari hiyo ni kwamba mwaka huohuo lilianza pia jarida la sayansi ya polima, kwa hiyo mazungumzo yalikuwa na mahali pa kuandikwa na kudumu. Nanyi mkishakuwa na namba zinazopishana, mtaona kwamba mkutano wa tano hauhitaji kubembeleza watu waje. Kila mtu atataka kujua kwa nini jibu lake si kama la jirani yake.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mhandisi katika kiwanda cha mabomba ya polietilini. Wakubwa wangu wanasema kujiunga na watafiti ni kutoa siri za kiwanda bure. Mimi naamini tunapoteza kwa kujifungia, lakini sina hoja ya kuwaridhisha. – Mhandisi

JIBU: Ndugu Mhandisi, hofu ya wakubwa wako ina msingi, na hoja nzuri ni ile inayoanza kwa kukubali hivyo. Katika nchi nyingi, zikiwemo za Ulaya, uvumbuzi ukishatangazwa hadharani kabla ya ombi la hataza (patenti) kuwasilishwa, haki ya hataza kwa kawaida hupotea. Marekani humpa mvumbuzi muda wa mwaka mmoja baada ya yeye mwenyewe kuutangaza, lakini si busara kuutegemea muda huo kwa bidhaa itakayouzwa nje ya Marekani. Kutangaza hadharani si makala ya jarida peke yake: hotuba kwenye semina iliyo wazi, bango la kongamano, na hata tasnifu ya mwanafunzi iliyowekwa maktabani vyote vinaweza kuhesabiwa. Kwa hiyo, kabla ya mkutano wa kwanza, iandikwe ni mambo gani yatakayojadiliwa kwa uwazi na ni yapi yatakayofungwa na mkataba wa usiri, na mwanafunzi yeyote anayepewa kazi iliyofungwa ajulishwe mapema, maana yeye ndiye atakayeumia ikiwa tasnifu yake itazuiwa siku ya mwisho.

Baada ya kukubali hayo, waonyeshe wakubwa wako biashara yenu wenyewe. Bomba linaloitwa PE 100 (PE ni kifupi cha polietilini) hubeba namba hiyo kwa sababu malighafi yake imethibitishwa kuhimili mkazo wa angalau megapaskali 10, yaani baa 100, kwa miaka 50 ndani ya maji ya nyuzi 20. Hakuna aliyesubiri miaka 50 ili kulithibitisha hilo. Watafiti hujaza sampuli shinikizo katika viwango mbalimbali vya joto, huziacha mpaka zipasuke, baadhi ya majaribio yakivuka saa 9,000, yaani zaidi ya mwaka mzima, kisha hukadiria miaka iliyosalia kwa hesabu zilizowekwa katika kiwango cha ISO 9080. Utaratibu huo si siri ya kiwanda chochote, na bila huo mnunuzi asingekuwa na sababu ya kuamini bomba la kiwanda chochote. Washindani walinufaika wote kwa kukubaliana namna ya kupima, huku kila mmoja akibaki na kichocheo chake na mchanganyiko wake.

Eneo hilo la kazi ya pamoja, kabla ushindani haujaanza, ndilo ninalokuombea ruhusa. Namna ya kupima, namna ya kukausha, namna plastiki inavyochakaa juani, sababu za maungio kupasuka: haya yaleteni. Kiwango cha viungio vyenu kibakini nacho. Nami ningeongeza ombi moja dogo, kwamba kiwanda kilete mabomba yaliyopasuka kazini. Kwa mtafiti, bomba lililopasuka baada ya miaka kadhaa ardhini ni hazina ambayo maabara haiwezi kuitengeneza kwa haraka.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninasoma shahada ya uzamili na ninatamani kushiriki, lakini chuo chetu hakina vifaa vya kisasa. Tuna mizani, tanuri la kukaushia, na vyombo vya kioo tu. Je, kuna lolote tunaloweza kuchangia? – Mwanafunzi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Lipo, na ni jambo la heshima. Tafuteni kipima mnato cha kioo, kile chenye mrija mwembamba na alama mbili. Mnachanganya polima katika kiyeyushi, mnaacha myeyusho ushuke kwenye mrija, na mnahesabu sekunde unazochukua kutoka alama ya juu hadi ya chini. Kadiri minyororo ilivyo mirefu ndivyo myeyusho unavyochelewa.

Tafadhali usikidharau kifaa hicho kwa unyonge wake. Hermann Staudinger alipoandika mwaka 1920 kwamba vitu kama mpira ni molekuli ndefu mno zilizounganishwa kwa vifungo vya kawaida vya kemia, wakemia wengi mashuhuri wa wakati wake walimkatalia, wakishikilia kwamba ni molekuli ndogo zilizojikusanya tu. Katika miaka iliyofuata, kupima mnato wa myeyusho kukawa mojawapo ya silaha zake kuu za kuonyesha ukubwa wa molekuli hizo. Kanuni aliyoiweka ilirekebishwa baadaye na wengine, lakini jambo la msingi lilisimama, na mwaka 1953 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Jitihada yenu iwe katika usafi wa kazi. Chombo chenye maji ya kudhibiti joto kishikilie nyuzi 25 bila kuyumba, maana mnato hubadilika kwa tofauti ndogo sana ya joto. Chujeni myeyusho, kwa sababu chembe moja ya vumbi ikikwama kwenye mrija huongeza sekunde ambazo mtazidhania kuwa ni urefu wa minyororo. Mrija wenyewe usimame wima kabisa. Rudieni kuhesabu mpaka vipimo vitatu mfululizo vipishane kwa si zaidi ya sehemu mbili za kumi za sekunde, kisha fanyeni hivyo kwa angalau viwango vinne vya ukolezi ili muweze kukadiria thamani pale ukolezi unapokaribia sifuri. Viyeyushi kama toluini vifanyiwe kazi ndani ya kabati la kufyonza mvuke, na hilo lisiwe na mjadala.

Maabara inayotoa vipimo vya mnato vinavyoaminika itaombwa sampuli na kila mtu. Nimeona maabara zenye mashine za thamani kubwa zikikosa mtu wa kuwa na subira ya namna hiyo, na kikundi kinachogawana kazi vizuri humpa kila mmoja kile anachokifanya vyema kisha kikaheshimu namba zake.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mwanafizikia. Katika vikao vyetu wakemia husema lugha yao, wahandisi yao, na mafundi hukaa nyuma bila kusema neno. Je, jumuiya ya namna hii inaweza kuzaa jambo jipya? – Mtafiti wa fizikia

JIBU: Ndugu Mtafiti, inaweza, na uwanja huu una ushahidi wake. Mwaka 1967, katika maabara alimofanyia kazi mkemia Hideki Shirakawa huko Tokyo, mtafiti mgeni aliyekuwa akitengeneza poliasetilini alitia kichocheo kwa kiasi cha karibu mara elfu moja ya kilichotakiwa. Badala ya unga mweusi, ukatokea utando unaong'aa kama fedha. Shirakawa hakuutupa. Katikati ya miaka ya 1970, mkemia Alan MacDiarmid, aliyekuwa akifanya kazi Marekani na mwanafizikia Alan Heeger juu ya kitu kingine chenye mng'ao wa dhahabu, alikutana naye Tokyo wakati wa mapumziko ya semina, wakaonyeshana walichonacho. Shirakawa akaalikwa Pennsylvania, wakautia utando ule mvuke wa halojeni (kama bromini au iodini), na uwezo wake wa kupitisha umeme ukapanda mara milioni kadhaa. Makala zao zilitoka mwaka 1977, na mwaka 2000 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Ona kwamba walichoanza nacho hakikuwa istilahi za pamoja, bali ni vipande viwili vinavyong'aa. Kwa hiyo, katika kikao chenu kijacho, mwombe kila msemaji aje na sampuli yake mkononi. Mkemia ataonyesha utando, nawe mwanafizikia utauliza kwa nini unapinda upande mmoja, naye mhandisi atataka kujua kama unaweza kuviringishwa. Hayo ndiyo maswali yanayozaa istilahi, na istilahi zinazozaliwa hivyo hazisahauliki.

Kuhusu mafundi kukaa nyuma, hilo linanisikitisha zaidi kuliko jingine lolote katika barua yako. Mwaka 1965 Stephanie Kwolek, mkemia wa kampuni ya DuPont, alipata myeyusho wa polima uliokuwa mwepesi na wenye ukungu, tofauti na myeyusho mzito na mng'avu uliozoeleka. Fundi wa mashine ya kusokota nyuzi aliukataa mwanzoni, akihofia kwamba ukungu ule ni chembe zitakazoziba matundu madogo ya kichwa cha mashine. Hofu yake ilikuwa ya mtu anayejua kazi yake. Kwolek aliuchuja kuonyesha kwamba hauna chembe, akaendelea kumshawishi, na hatimaye fundi akakubali kuusokota. Uzi uliotoka ulikuwa mgumu kupita kiasi, na kutokana na kazi hiyo ikapatikana Kevlar, uzi imara unaotumika katika fulana za kuzuia risasi. Pasipo mazungumzo kati ya watu hao wawili, myeyusho ule ungemwagwa. Wapeni mafundi wenu nafasi ya kwanza ya kusema, kabla maprofesa hawajatoa maelezo yao, kwa sababu baada ya profesa kueleza ni vigumu kwa fundi kusema kwamba alichokiona ni tofauti.

SWALI: Mwalimu, tunaandaa hifadhidata ya pamoja. Mwenzetu mmoja anataka tuweke pia majaribio yaliyoshindikana. Wengine tunaona ni kujaza takataka. Nani ana haki? – Katibu wa kikundi

JIBU: Mwenzenu ana haki, Ndugu Katibu. Mwezi Machi 1933, Reginald Gibson na Eric Fawcett wa kampuni ya Imperial Chemical Industries huko Uingereza walikandamiza gesi ya ethilini pamoja na benzaldehaidi kwa shinikizo kubwa mno, wakakuta ndani ya chombo kitu cheupe kama nta, kisichofika hata nusu gramu. Walipojaribu tena, mambo hayakwenda vivyo hivyo, mlipuko ukaharibu vifaa, na kazi ikasimamishwa. Ni Desemba 1935 ndipo wenzao waliporudia, na safari hii chombo kilivuja, shinikizo likashuka, wakaongeza ethilini nyingine, na wakapata gramu kadhaa za ile nta. Baadaye ikaeleweka kwamba ethilini ilihitaji oksijeni kidogo sana ili kuanzisha mmenyuko, na oksijeni hiyo iliingia pamoja na gesi waliyoiongeza. Polietilini, ambayo leo ni plastiki inayotengenezwa kwa wingi kuliko zote, ilikwama kwa zaidi ya miaka miwili kwa ajili ya kitu ambacho hakuna aliyekusudia kukitia.

Kwa hiyo, katika hifadhidata yenu, mbali na jina la polima, namba ya fungu, joto, unyevu na matokeo, wekeni sehemu moja pana yenye kichwa "Yaliyotokea bila kupangwa", na mfumo usikubali kupokea rekodi mpaka sehemu hiyo ijazwe. Asiyeona lolote aandike "hakuna" na kuweka saini yake. Aliyeacha bahasha dirishani kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu aandike hivyohivyo.